Mstari Uliovuka Mto

Masika mwanangu,

Nimekusikia ukifunga begi, ukalifungua, ukalifunga tena, na sasa kumetulia upande wako. Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kujibu watu wa bariere, wale wanaofunga barabara na kudai ushuru. Hayo unayajua, na mengine wewe njo ulinifundisha. Kesho unaenda Walikale kwa kazi ya mwaka mzima: kupima kama ile ramani iliyochorwa na vijana wa kujitolea inafaa kutumiwa na magari ya chanjo, ao haifai. Mwishoni utaweka saini yako, na gari litapita ao litarudi kwa neno lako.

Kwa hiyo naandika. Tangu upate kazi hii nakuona: unafurahi, unapiga hesabu ya safari, halafu mtu akitaja jina la Bahati, dereva wetu, unanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Jambo hilo tumelizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la matope mbele ya duka. Kila mtu anajua pa kukanyaga, hakuna anayeleta jiwe la kuliziba. Mimi ni mtu wa kusema kwa mdomo, na mdomo njo ulioharibu. Acha nijaribu kalamu.

Unajua nilikotoka, lakini unajua kwa mkato, kama watoto wanavyojua. Nilishuka Masisi kutoka upande wa Butembo na wewe mgongoni, baba yako amekwisha kufariki, na gunia la chumvi kama mtaji. Wakulima wa Bihambwe walikuwa na maharage mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, na mimi sikujua kununua. Gunia la kwanza lilikuwa na maharage makubwa, makavu, yanang'aa, hapo juu. Chini yalikuwa yamelowa, yamechanganywa na kokoto. Nililia mbele ya watu. Kisha nikatafuta kile chuma chetu chenye mfereji, kile unachochoma nacho gunia kikatoka na punje za ndani. Tangu siku hiyo sijanunua gunia kwa kuangalia mdomo wake. Nachoma juu, nachoma katikati, nachoma chini, na hasa upande ule ambao muuzaji ameugeuzia ukuta. Wakaniita Mama Chuma. Nilidhani ni matusi, baadaye nikaona ni cheo. Duka hili, pikipiki, na masomo yako, vyote vimetoka kwenye ncha ya chuma kile. Hakuna mtu aliyenipa kitu.

Ndiyo sababu ulipoanza chuo kikuu Goma na kujiunga na wale vijana, nilikasirika. Ulinieleza kwamba mnakaa mbele ya kompyuta, mnaangalia picha zilizopigwa na setilaiti, mnachora juu yake: mstari kwa barabara, kisanduku kwa nyumba. Na wengine kama nyinyi wako Ulaya, wako kila mahali, wanachora Masisi bila kuwahi kuinusa. Nikauliza mnalipwa nini. Ukasema hakuna malipo. Nikakuambia, “Hata jogoo ya parokia inawikaka kwa sababu inakulaka.” Ukacheka mpaka ukashika meza. Halafu ukasema: “Mama, siku moja muntu atapotea, na mustari wangu njo utamurudisha kwake.”

Likizo ile uliyokuja na ramani, uliiweka hata kwenye simu yangu. Nikaichukua kwa dharau, na nikaipima. Nilifuata barabara kutoka hapa Masisi mpaka Lushebere, kutoka Lushebere mpaka Bihambwe. Kila kona ilikuwepo. Daraja lilikuwepo. Kanisa, soko, duka langu, hata choo chetu kilikuwa na kisanduku chake. Nilimwonyesha kila mteja choo changu kwenye simu. Nikaamini.

Hapo njo kosa lilipo, na ni langu. Mimi, Mama Chuma, nilipima gunia kwa mdomo. Masisi na Bihambwe kuna wanafunzi, kuna watu wenye simu. Mmoja anachora, wa pili anarekebisha, wa tatu anamrekebisha wa pili. Upande wa Walikale, chini ya miti, alikuwa amepita mchoraji mmoja, mara moja, akaenda zake. Ulikuwa ni upande ule wa ukutani, na sikuuchoma. Niliona choo changu kiko sawa, nikahesabu kwamba na msitu uko sawa.

Unakumbuka wakati ule vita vilifunga barabara. Maharage yalikuwa yanajaa Bihambwe, hayana pa kwenda, yanaanza kupata wadudu. Na huko Omate, kwenye migodi ya Walikale, watu wanachimba, hawalimi. Habari zilikuja kwamba wanakula mihogo mitupu, na bei ya maharage imepanda juu ya mlima. Wewe ulikuwa umekwisha kurudi Goma. Nikafungua ile ramani, nikaona mstari. Ulitoka kwenye malisho ya ng'ombe juu ya Masisi, ukashuka upande wa magharibi, ukavuka mto, ukaingia msituni na kushika njia ya Walikale. Ulikuwa unakwepa bariere zote. Nilipiga hesabu ya mafuta, ya mwendo, ya ushuru ambao hatutalipa. Ilikuwa hesabu nzuri sana. Hesabu zangu hazijawahi kukosea. Ni vile tu nilivyoanza navyo ndivyo vilivyokosea.

Nikamwita Bahati. Wewe unamjua kama kaka, lakini hukujua hili: baba yake njo aliyeniuzia lile gunia la kokoto. Tulicheka juu ya hilo miaka yote, na kijana alikuja kunifanyia kazi kama mtu anayelipa deni la ukoo. Alikuwa dereva wa pikipiki asiye na mwenzake kwenye matope yetu. Akaangalia simu, akaigeuza, akairudisha. Akasema, “Mama, hiyo njia miye siijue. Na miye nilizaliwa huku.”

Nikamwambia, “Wewe hauijue, telefone inaijua. Telefone haikunywaka kasiksi.”

Walikuwepo watu, wakacheka, kwa sababu kila mtu alijua Jumapili ya Bahati inavyoishia kwenye pombe ya ndizi. Na yeye akacheka. Mtu akichekwa mbele ya watu hana tena nafasi ya kukataa. Akafunga magunia yake, akaondoka. Ningeweza kukupigia simu wewe, kukuuliza tu, “Huu mstari unaujua?” Sikukupigia. Niliona nitauliza nini, wakati mstari uko pale unaonekana.

Sasa sote tunajua ulikuwa nini. Ulikuwa njia ya ng'ombe. Malisho yetu yana ua wa miti pande mbili, na katikati wachungaji wanashusha ng'ombe kwenda kunywa maji. Kwato zimekwangua nyasi miaka mingi, udongo umebaki mtupu, upana wake lori linapita. Ukiangalia kutoka angani, nani atakuambia si barabara? Lakini ng'ombe haendi Walikale. Ng'ombe anashuka mtoni, anakunywa, anarudi. Ng'ambo ya mto kuna njia nyingine, ya watu, na wewe uliona ncha mbili zinatazamana juu ya maji, ukaziunganisha.

Bahati alifika pale mvua imetoka kunyesha. Aliniambia baadaye kwamba alisimama muda mrefu, simu mkononi, akiangalia mstari, akiangalia maji. Mstari ulivuka. Akajiambia labda daraja limefunikwa, labda kuna mawe chini, labda waliochora wanajua kitu ambacho yeye hajui. Na labda, hili alilisema bila kunitazama, alisikia kicheko cha dukani. Akaingia. Maji yakalaza pikipiki juu ya mguu wake, akabaki kati ya chuma na mwamba.

Waliomtoa ni watu ambao kwenye ramani hawapo. Ng'ambo ile, chini ya miti mikubwa, kuna nyumba chache za watu waliokimbia vita vya upande huu na vita vya upande ule, wakakaa mahali ambapo hata setilaiti inaona majani tu. Walisikia mtu anaita. Wakakata fito, wakafunga kipoyi, wakamlaza juu yake na kumwinua mabegani. Na unajua kipoyi kinavyokwenda kwetu: wanaume wa kijiji kimoja wanambeba mgonjwa mpaka mwisho wa eneo lao, wanamtua, wanapiga kelele, na wa kijiji kinachofuata wanakuja kuingiza mabega yao. Hakuna anayeuliza mgonjwa ni kabila gani. Katika miaka hii ya vita nimeona kipoyi kinapita bariere ambapo gunia langu la maharage halikupita. Hivyo ndivyo Bahati alivyorudi Masisi, kutoka bega moja hadi jingine, mpaka kituo cha afya.

Wewe ulipanda kutoka Goma barabara ilipofunguka kidogo. Ulimkuta amelala, mguu umefungwa mbao, mke wake Mama Neema ameketi chini karibu na kitanda. Ulikuwa umekwisha kuangalia kwenye kompyuta, kwa sababu kila mstari unahifadhi jina la aliyeuchora. Hakuna mtu pale aliyejua kwamba jambo kama hilo linaweza kutafutwa. Ungenyamaza, tusingejua mpaka leo. Ukasimama katikati ya chumba ukasema, “Ni miye nilichora.”

Na mimi, mama yako, ambaye nilipaswa kusema neno lililofuata, nilisema, “Sasa angalia muzuri. Njo kazi ya bure hiyo.”

Mama Neema akainua kichwa akakuangalia. Mpaka hapo alikuwa ananiangalia mimi. Tangu walipomlaza mume wake pale hakuwa ameniondolea macho. Niliyaona macho yake yakihama kutoka kwangu kwenda kwako. Na nikapumua. Hilo njo sikuwahi kumwambia mtu, hata padri: kwamba nilipumua.

Uliacha kuchora. Uliacha hata kuzungumza habari za ramani hapa nyumbani, na mimi nikajifanya nimeona ni masomo mengi.

Kuna safari moja hujui habari zake. Bahati alipoanza kusimama kwa fimbo, nilibeba chumvi nikafuata njia ya kipoyi kurudi nyuma, nikiongozwa na mmoja wa wale waliombeba. Kila mahali kipoyi kilipotua niliacha chumvi na shukrani. Nilikuwa na simu mkononi, kwa hasira tu, nataka kuona. Kipoyi kilikuwa kimetua mahali saba. Ramani ilikuwa na majina ya mahali pawili. Nilikuwa nimefikiri tatizo la ramani ni kile kilichochorwa vibaya. Kumbe kuna jingine, kubwa zaidi na lisilopiga kelele: watu waliombeba mtu wetu hawakuwa wamechorwa kabisa, na peupe pale kwenye simu palikuwa panafanana na mahali pasipo na mtu.

Mwisho wa njia, ng'ambo ya mto, nilimkuta mwanamke aliyemsikia Bahati akiita. Anaitwa Mama Sifa. Mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Alinipokea chumvi, akaniuliza naangalia nini kwenye simu. Nikamwonyesha: hapa mto, hapa miti, nyinyi hamupo. Nikamwambia nina binti anayeweza kuwaweka. Nilisema kwa majivuno, Masika, ingawa nilikuwa sijakuomba msamaha hata kwa ishara.

Akasema, “Mama, wacha tu. Kwenye tulitoka tulikuwa na jina, na jina ilikuwa kwa kibao ya barabara. Wenye bunduki walifika na jina yetu kwa mudomo, kama muntu anakuja kutembelea shangazi yake. Huku hatuna jina. Huku mutoto analala.”

Nikamwahidi hatachorwa. Niliahidi kama vile ramani ni duka langu.

Kurudi, mwendo wa nusu saa tu kutoka kwake, kwenye kijiji kilichofuata, mwanaume mmoja alisikia habari hizo akanishika mkono. Surua ilikuwa imepita kwao, na watu wa chanjo walikuwa wamepita barabarani, mbali, na karatasi yao iliyoonyesha kwamba upande huu hakuna mtu. Alikuwa amezika watoto. Hakupaza sauti. Akasema, “Andika sisi. Andika sisi hata mara mbili.”

Wawili hao wanavuta maji kwenye mto mmoja. Nimefanya hesabu maisha yangu yote na sijapata hesabu ya kuwapatanisha.

Halafu wakaja wale waliotangulia kazi yako, waliokuja kupima ramani ya Masisi. Mkutano ulifanyika shuleni Lushebere. Nilienda nimevaa kitenge changu kizuri na hasira yangu yote. Kijana mmoja mwenye miwani akaeleza, kwa adabu, kwamba katika nyumba kumi zinazoonekana kwenye picha, tisa zimechorwa. Watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nikauliza, “Hiyo moja yenye kukosekana, imetawanyika kama chumvi ndani ya mboga ya sombe, ao imekaa pahali pamoja?”

Akasema hawajaangalia hivyo. Nikaongeza kwamba mtu aliyefunikwa na miti hayumo hata kwenye hizo kumi. Kwamba wanapima ramani kwa picha, na ramani ilitoka kwenye picha hiyo hiyo. Hiyo ni kupima gunia kwa mizani ya muuzaji. Watu wakacheka, na nilikaa chini nimeshiba.

Yule kijana hakukasirika. Akaniuliza, “Sawa, Mama. Na wewe unapima na nini?” Nikasema na macho yangu, nchi hii naijua. Akaniuliza basi kambi ile ya wakimbizi hapo chini imejaa mpaka wapi. Nikasema imejaa mpaka kwenye kijito, kila mtu anajua. Akasema ramani nayo inasema hivyo, na anaogopa mimi na ramani tumechelewa sote wawili. Tukashuka. Upande wa kijito hapakuwa na hema hata moja la shitingi. Watu walikuwa wamehama, wengine kwao, wengine Mungu anajua wapi, na mahali pa yale maturubai maharage yalikuwa yamekwisha kutambaa juu ya miti yake. Mimi, mnunuzi wa maharage, nilikuwa nimepita kando ya shamba hilo kila wiki nikiwaza mzigo, na kichwani nilikuwa bado naona kambi. Ramani ilikuwa imezeeka, na mimi nilizeeka nayo bila kujua.

Kijana akasema tu, “Tuandike tarehe, Mama.” Hakunicheka. Nilijiona mdogo, na nikampenda kidogo. Lakini ripoti yao ulipoifungua baadaye kwenye simu yako, niliona wameniandika “mkazi mmoja.” Mkazi mmoja. Hilo bado linaniuma na sitajifanya limepona.

Unaona kwamba sina cha kukufundisha kuhusu kompyuta. Nataka tu usimame pale nilipoanguka mimi. Mstari wako ulikuwa mahali pake. Uliniambia mwenyewe, siku moja ulipolia, kwamba mtu wa pili aliukagua, mtu wa nchi ya mbali, akaona umelala juu ya picha bila kupinda, akaukubali. Kweli haukupinda. Yule mtu hakudanganya. Hajawahi tu kumwona ng'ombe wa Masisi akishuka kunywa. Kwa hiyo mtu akikuambia mstari huu uko sawa, sijui wewe utauliza vipi kwa lugha yenu, lakini mimi ningeuliza: sawa kwa nani, anapita na nini, na katika mvua ao jua? Barabara ya miguu si barabara ya gari la chanjo. Na usikubali wakupeleke kupima pale penye wachoraji wengi, karibu na hoteli, kisha wakuombe saini ya msitu mzima. Waombe wakupeleke kule kipoyi kinakotua.

Watakutaka useme inafaa ao haifai. Watu wa ofisi wanapenda neno moja, na wewe una moyo wa kumfurahisha mwalimu. Kama huku inafaa na kule haifai, andika hivyo. Kama hujui, andika hujui, na uandike ulifika lini. Mwanamke aliyeacha shule darasa la sita anakuambia hivi kwa sababu neno “sijui” njo neno ambalo Bahati alilisema dukani kwangu, na lilikuwa habari ya kweli kuliko yote iliyokuwa kwenye chumba kile, na mimi nikalicheka.

Kuhusu Mama Sifa, nakurudishia ahadi yangu, kwa sababu haikuwa yangu kuitoa. Utafika utaona miti ile, na wewe peke yako katika timu yenu utajua chini yake kuna nini. Ukipaacha peupe, chanjo itapita mbali tena. Ukipachora, ramani hiyo iko wazi kwa kila mtu. Ulikuwa unajisifia hilo, na mwenye bunduki naye ni kila mtu. Sijui jibu. Labda kuna kitu katikati, labda watu wa chanjo wanaweza kuambiwa njia kwa mdomo, bila jina kuwekwa mahali ambapo dunia nzima inasoma. Nenda umuulize mwenyewe. Huenda leo atajibu tofauti; ana wajukuu sasa. Na yule jirani yake muulize pia, siku hiyo hiyo, usimwache mpaka kesho.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Juzi niliposema naenda Bihambwe kuangalia maharage, nilikuwa naenda kwa Bahati. Mguu wake haukunji vizuri, lakini amerudia kuendesha, unajua. Mama Neema alinipa kiti. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema mbele ya wote wawili, “Ni miye nilimutuma. Alisema haijue njia, nikamucheka. Masika hakutuma muntu.”

Bahati akaangalia mlango. Mama Neema akaendelea kuchambua maharage yake, akasema, “Tulijua, Mama. Tulikuwa tunangoja useme. Mutoto alisema siku ile ile. Wewe ulichukua miaka.”

Kisha nikamwuliza kuhusu yale macho, namna alivyokuangalia pale kituoni, kwamba najua alikuwa anakulaumu. Akaacha kuchambua. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea sokoni. Akasema, “Kulaumu? Nilimuangalia kwa sababu sikukuwa nimeona muntu wa masomo anasimama anasema ni miye. Nilitaka kumukumbuka sura.”

Masika, miaka yote hiyo nimeyasoma macho yale vibaya, na nikakuacha wewe uyasome vibaya pamoja nami.

Bahati akauliza nani anakupeleka Walikale. Nikamwambia tumepata dereva mmoja wa hapa katikati ya mji, ana pikipiki mpya. Akauliza huyo dereva anajua njia? Nikasema anasema anajua. Bahati akasema, “Masika ataenda na miye. Ile njia nililipa, nitaipita na yeye.”

Nilitaka kukataa, kwa ajili ya mguu wake. Mama Neema akanifanyia ishara ninyamaze, na safari hii nilinyamaza.

Mtafuata njia ya kipoyi. Kuna mahali mtasukuma pikipiki, na kuna mahali mtatembea. Atakupitisha kwenye ule mto, juu zaidi, pale watu wanapovukia. Asubuhi ukimsikia mbele ya duka, toka uende. Usimwambie pole, ameambiwa pole mpaka masikio yamechoka. Muulize njia. Na akikuambia hapa haiko barabara, mwambie asimame, ushuke, uangalie.

Mama yako